Bi Wanga na Mimea ya Ugenini

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye pasipoti tu. Mtaa mzima ulimwita Bi Wanga, kwa sababu hakuna aliyejua kutia wanga kwenye kola ya shati kama yeye. Kola ikitoka mikononi mwake ilisimama wima yenyewe, utadhani ndani yake kuna shingo. Jina hilo lilizua vituko. Mgeni akihamia mtaani na kuuliza wapi pa kufulia nguo, aliambiwa, "Nenda kwa Wanga, nyuma ya duka la vioo," naye akatoa macho, akidhani anaelekezwa kwa wachawi. Wengine walifika wamekumbatia mafurushi yao kifuani, wakachungulia mlangoni kabla ya kuingia. Bi Wanga aliwaambia, "Piteni, piteni. Wanga wenyewe ni wa mhogo."

Alikuwa mjane wa makamo, mwenye mikono mipana na binti mmoja aliyeshirikiana naye kazi. Kibanda chao kilikuwa na meza mbili za kupigia pasi, kamba zilizopita juu kwa juu, na joto lisilopungua mwaka mzima. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini mzaha haukumpiga chenga.

Dada yake mkubwa alifundisha hesabu sekondari, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata ndugu zake wa tumbo moja. Huyo Mwalimu ndiye aliyeugua. Alianza kuvimba miguu, kisha uso, kisha ikabidi awe anapelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, anatoka hapo amechoka kama aliyelima shamba. Mwishowe madaktari wakasema wazi kwamba figo zake zote mbili zimekwisha kazi, na dawa iliyobaki ni kupata figo ya mtu mwingine, ikiwezekana ndugu wa damu. Ndugu wakapimwa. Kaka Mkubwa alikutwa na kisukari. Mdogo wao wa mwisho damu ikakataa. Ya Bi Wanga ikakubali kila kipimo, ikakaa sawa kama kifungo na tundu lake.

Habari hiyo Bi Wanga aliipata pamoja na watu wote, sebuleni kwa Kaka Mkubwa. Kaka Mkubwa alikuwa mstaafu wa forodha, mtu ambaye hata kuomba chumvi mezani alisimama kwanza. Siku hiyo alisimama, akakohoa, akasema, "Ndugu zangu, Mungu mkubwa. Tumepata! Figo ipo hapa hapa ndani ya nyumba. Ni ya mdogo wetu huyu."

Vigelegele vikapasua dari. Shangazi yao alimrukia Bi Wanga na kumkumbatia hata chai ikamwagika kwenye gauni lake. Mtu akaanza kuomba dua kwa sauti. Mwingine akawa tayari kwenye simu anapiga hodi kwa jamaa wa mbali. Bi Wanga alikuwa bado ameshika kikombe kitupu. Alisema, "Sawa." Katika kelele zile hakuna aliyesikia, na kwa kweli hakuna aliyekuwa akingoja kusikia.

Kuanzia hapo moyo wake ukawa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Hakuogopa. Hakukasirika wala hakufurahi. Akapelekwa kupigwa picha ya pasipoti, akapelekwa kuchanjwa, akanunuliwa sanduku, akafundishwa kufunga mkanda wa ndege, na kila mahali alifuata kama nguo inayovutwa kwenye kamba. Majirani walimwambia ana moyo wa dhahabu. Aliitikia ahsante. Bintiye peke yake ndiye aliyemtazama kwa wasiwasi.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa. Usisahau shati za yule wakili, hataki mikunjo ya mikono."

Hospitali waliyokwenda yeye na Mwalimu ilikuwa nchi ya mbali, ng'ambo ya mpaka na ng'ambo ya mipaka mingine tena, mahali ambapo hata salamu hakuzielewa. Walipewa mkalimani, kijana aliyeondoka nyumbani zamani. Kiswahili chake kilikuwa kama nguo iliyokaa sana sandukuni: safi, lakini imejaa mikunjo. Kabla ya upasuaji, daktari alimwita Bi Wanga peke yake katika chumba kidogo, akamtazama usoni, akauliza jambo kwa upole.

"Anauliza," alisema Mkalimani, "kama unatoa figo yako kwa hiari, na kama kuna mtu yeyote anayekulazimisha. Anasema ukitaka kuacha, hata sasa, atawaambia ndugu zako kwamba vipimo vimegoma, na hawatajua."

Bi Wanga alimwangalia yule daktari. Alikuwa mtu wa kwanza kumwuliza, na alikuwa mtu asiyemjua kabisa. Akafikiria shangazi na vigelegele. Akafikiria miguu ya Mwalimu, ambayo siku hizi haikuingia kwenye kiatu chochote. Akatafuta ndani yake jibu la kweli, kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta ufunguo, na hakugusa kitu.

"Ndiyo," akasema. "Kwa hiari."

Mkalimani akatafsiri. Daktari akakaa kidogo akimwangalia, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bi Wanga alizinduka, akarudishwa wodini, na baada ya siku chache akahamishiwa nyumba ya wageni ya hospitali. Kilikuwa chumba chenye kitanda, kabati, birika la umeme na dirisha lisilofunguka. Mshono ulikuwa ubavuni kushoto. Ngozi iliyouzunguka ilikufa ganzi, na kila alipoigusa aliona kama anagusa kitambaa kilichovaliwa na mtu mwingine. Nesi alimwambia, kupitia Mkalimani, kwamba hiyo ni kawaida, hisia zitarudi taratibu, au nyingine hazitarudi, lakini asiwe na hofu. Bi Wanga hakuwa na hofu. Aliambiwa pia asibebe kitu kizito, asiiname kwa ghafla, na kila siku atembee.

"Nitembee kwenda wapi?" aliuliza.

"Popote," alisema Mkalimani. Kisha akafikiri. "Njoo, nikupeleke bustanini. Iko hapo nyuma tu."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ukuta, na ndani ya ukuta njia za changarawe, na mwisho wa njia nyumba kubwa za vioo, moja baada ya nyingine, juu zikiwa na ukungu wa mvuke. Bi Wanga aliutambua ule mvuke. Ulikuwa wa kibandani kwake.

"Hapa wamekusanya mimea ya dunia nzima," Mkalimani alieleza.

"Ya kula?"

"Ya kuangalia."

"Kuangalia tu?"

"Kuangalia na kujifunza."

"Haya," alisema Bi Wanga.

Nyumba ya kwanza ilikuwa kavu na ya joto, sakafu yake mchanga na mawe. Karibu na mlango kulikuwa na kitu kimelala chini, kijivu na kijani, kimechanikachanika, ncha zake zimekauka na kujikunja. Bi Wanga akasimama.

"Hapa mtu amesahau kuokota nguo," akasema.

Mkalimani akainamia kibao. "Huu ni mmea. Wanasema una majani mawili tu, maisha yake yote. Hayaanguki, yanaendelea kukua hayo hayo."

"Mawili? Mbona naona fungu zima?"

"Upepo unayachana. Lakini ukifuata hadi kwenye shina, ni mawili. Na wanasema unaweza kuishi miaka elfu na zaidi."

Bi Wanga aliuzunguka ule mmea polepole, mkono ubavuni. Alifuata ukanda mmoja kwa macho hadi kwenye shina, akafuata mwingine. Kweli. Mawili.

"Miaka elfu na nguo mbili," akasema. "Mimi na huyu tusingefanya biashara."

Mkalimani alicheka hadi watu wakageuka. Bi Wanga hakucheka. Alikuwa amelisema tu kwa mazoea, kama mikono inavyokunja shati huku mwenyewe mawazo hayapo. Lakini usiku ule, kabla ya usingizi, aliyaona tena yale majani mawili, na hakuona kitu kingine.

Kesho yake alikwenda peke yake. Keshokutwa yake vilevile. Vibao hakuweza kuvisoma, kwa hiyo akawa anabatiza mwenyewe. Mimea ya kijivu iliyoning'inia kwenye waya bila udongo wala chungu, ikiishi kwa unyevu wa hewani, aliipa jina la Mvi za Bibi. Kwenye bwawa la nyumba ya tatu kulikuwa na majani ya duara yaliyoelea, makubwa kiasi kwamba mtoto mchanga angelala juu yake, kingo zimeinuliwa juu pande zote. Hayo akayaita Masinia. Alipochungulia upande wa chini wa sinia moja, aliona limejaa miiba mikali. Akasimama hapo muda mrefu. Sinia lenye miiba chini. Hakujua la kufikiri juu yake, wala hakulazimika kujua.

Hakuwa na furaha pale, wala asingemdanganya mtu kwamba anayo. Ila kuangalia hakukudai chochote. Watu hospitalini walimwuliza anajisikiaje, na kila mara ilibidi atafute jibu la kuwapa. Mimea haikumwuliza.

Kulikuwa na mtunza bustani, mwanamke mwenye umri kama wake, aliyevaa mabuti ya mpira yaliyomfika magotini. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja. Siku ya kwanza walipokutana, Bi Wanga alikuwa mbele ya mmea uliokuwa na vibirika vidogo vikining'inia kwenye ncha za majani, kila kimoja na kifuniko chake. Nzi alitua kwenye mdomo wa kibirika, akazunguka, akateleza ndani. Bi Wanga akamngoja atoke. Mwenye mabuti akaja, akainamisha kibirika kwa kidole ili aone ndani. Kulikuwa na maji kidogo, na mbawa zilizolegea. Yule mwanamke akaunganisha vidole vyake na kuvifungua mbele ya kinywa, kama anayetafuna.

"Unakula?" Bi Wanga aliuliza, akionyesha mmea, kisha kinywa.

Mwanamke akatikisa kichwa: ndiyo.

"Loo. Mmea unakula nyama, na mimi nimeandikiwa supu."

Mwanamke hakuelewa, lakini alicheka, na tangu siku hiyo kila alipomwona Bi Wanga alimwita kwa kidole.

Huko hospitalini mambo hayakuwa mazuri. Figo ilikuwa imeungwa vizuri, damu inapita, lakini haikufanya kazi. Daktari alisema imelala. Hutokea, alisema, nyingine huamka mara moja, nyingine hukawia, tusubiri. Mwalimu akarudishwa kwenye mashine. Na simu ikaanza kulia.

Bi Wanga alikuwa amekaa kwenye benchi, kwenye ile nyumba kavu, akitazama kokoto zilizopangwa kwenye sinia la mchanga, Kaka Mkubwa alipopiga.

"Nasikia figo haifanyi kazi," alisema bila salamu. Ilisikika dhahiri kuwa amesimama.

"Imelala. Daktari anasema itaamka."

"Imelala! Kwa nini ilale? Kwako ilikuwa inafanya kazi?"

"Kwangu ilikuwa inafanya."

"Ulikula nini kabla ya upasuaji? Ulilala vizuri? Nilikwambia uache kusimama kutwa kwenye pasi. Watu wamechanga, watu wamefunga na kuomba, halafu unatuletea figo inayolala!"

Alisema kama mteja aliyerudishiwa suruali yenye alama ya pasi. Bi Wanga alisubiri amalize. Alikuwa na uzoefu na wateja wa namna hiyo.

"Kaka," akasema, "figo si yangu tena. Mwulizeni mwenye nayo."

Akakata simu. Alirudisha macho kwenye zile kokoto, na ndipo alipogundua kwamba mojawapo ilikuwa imepasuka katikati, na ndani ya ufa kulikuwa na ua jeupe, dogo kama kifungo. Akanyoosha kidole. Kokoto ilikuwa laini. Zote zilikuwa laini. Hazikuwa kokoto, zilikuwa mimea. Alikuwa amekaa mbele yake siku hizo zote, na hakujua.

Mwenye mabuti alimkuta hapo. Sijui aliona nini usoni pake, maana Bi Wanga mwenyewe hakuhisi kitu. Alimpungia mkono, akampeleka kwenye pembe ya nyumba, kwenye chungu kilichowekwa peke yake. Kulikuwa na ua moja lililokaa kama nyota, pana kama kiganja, rangi ya maini, lenye vinyweleo. Zuri kwa namna ya kutisha. Mwanamke akajishika pua, akacheka, kisha akaashiria: inama, inama taratibu.

Bi Wanga akainama taratibu kama alivyoagizwa na nesi. Akavuta pumzi.

Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahaulika kapuni wiki nzima. Ilimpanda hadi utosini. Akaruka nyuma, akasema neno ambalo mtu mwenye heshima zake hulisema tu nyumbani, na kabla hajajizuia akaanza kucheka. Kicheko kikavuta mshono. Maumivu yakampiga ubavuni kama kisu, akajishika, akacheka tena kwa sababu ya kuumia, ikauma zaidi, machozi yakamtoka, na mwanamke wa mabuti akamshika mabega asianguke.

Iliuma. Jambo hilo lilimshangaza kuliko lile ua. Alikuwa hajahisi kitu siku nyingi, hata akawa ameacha kungoja. Kisha maumivu yakapoa, kicheko kikapoa, na ile ganzi ikarudi ikakaa mahali pake kama mgeni aliyekwenda kujinyoosha nje kidogo tu. Akafuta macho kwa upindo wa shali. Akamshukuru yule mwanamke kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho alichokuwa nacho.

Wakati anatoka alipita mahali penye kamba na kibao kikubwa kuliko vingine, akaona watu wamejipanga kupiga picha. Akasogea. Nyuma ya kamba ulisimama mnyaa, ule ule wa kuzungushia nyumba, ambao kwao watu hukata tawi na kulichomeka ardhini na kulisahau.

"Na wewe umefikaje huku?" akauuliza. Akaendelea na safari.

Figo iliamka asubuhi moja. Mkalimani alikuja mbio hadi nyumba ya wageni, akagonga mlango kama kuna moto.

"Amekojoa! Mwalimu amekojoa!"

Na habari hiyo ya mkojo ikavuka mipaka yote. Nyumbani watu walikusanyika, shangazi akapiga vigelegele kwenye simu hadi spika ikakwaruza, Kaka Mkubwa akahutubia. "Nilijua tu!" alisema. "Damu yetu si ya kulala!" Bi Wanga alisema, "Hongereni." Alisubiri furaha ije. Alikaa kitandani, mikono magotini, akaisubiri kama mtu anayesubiri maji bombani: bomba likaguna, likanyamaza.

Mwalimu alipopata nguvu, aliruhusiwa kupokea mgeni mmoja, wote wawili wamevaa barakoa. Chumba chake kilikuwa juu, na dirishani yalionekana mapaa ya vioo. Uvimbe ulikuwa umeanza kushuka usoni, na hata chini ya barakoa Bi Wanga aliona tena umbo la taya la dada yake, lile la zamani.

"Zile nyumba za vioo ni nini?" Mwalimu aliuliza.

"Bustani. Nakwenda kila siku."

"Nami nipelekwe."

"Daktari amekataa. Anasema kwenye udongo kuna vijidudu, na wewe dawa zako zimelaza askari wote wa mwilini."

"Basi nieleze."

Bi Wanga akaeleza. Hakuwa msimuliaji, lakini alikuwa na jicho la mtu anayeona doa kabla ya mwenye nguo. Alieleza Masinia na miiba yake, Mvi za Bibi, vibirika na nzi. Mwalimu alisikiliza kimya, kichwa juu ya mto wa kitanda, kama mwanafunzi. Alipofika kwenye ule mmea wa majani mawili, Mwalimu akamkatiza.

"Mawili tu? Maisha yote? Acha uongo wako."

"Nimehesabu mwenyewe."

"Ulihesabu vibaya."

"Mwalimu, mawili nayo yanahitaji digrii?"

Wakacheka, Mwalimu chini ya barakoa, Bi Wanga akijishika ubavu. Ikawa desturi yao. Kila alipofika, kabla ya habari za homa na vipimo, Mwalimu aliuliza, "Leo umeona nini?" Miaka yote waliyoishi mji mmoja, Bi Wanga hakukumbuka kuulizwa hivyo.

Siku moja alikuwa ameleta chai kwenye kikombe cha karatasi, amekaa, hajaanza kueleza. Alijisikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada."

Mwalimu akageuza kichwa. Hakuwa amezoea kuitwa hivyo.

"Hakuna aliyeniuliza."

Mwalimu hakuuliza ni kuhusu nini. Mashine pembeni ya kitanda ikaendelea kulia kwa mpigo wake.

"Najua," alisema. "Nilikuwepo. Niliona mdomo wako ukisema sawa. Kelele zilikuwa nyingi, lakini niliona. Nikasema moyoni, nitamwuliza kesho. Kesho ikafika, nikaogopa. Nikasema keshokutwa. Mtu akiulizwa anaweza kusema hapana, mdogo wangu. Na mimi nilitaka kuishi."

"Ningesema hapana?"

"Wewe ndiye unayejua."

"Sijui. Daktari aliniuliza, nikatafuta jibu, sikulipata. Nikasema ndiyo. Sasa sitajua tena."

Mwalimu akanyoosha mkono juu ya shuka, lakini haukufika, ulikuwa umefungwa mirija. Ukabaki hapo katikati.

"Nikuulize sasa?"

"Uniulize nini sasa, na sahani imeshalambwa?"

Macho ya Mwalimu yalijaa maji. Barakoa ikawa inaingia na kutoka. "Nisamehe," alisema.

Bi Wanga aliangalia ule mkono uliokwama. Alikuwa amedhani kwamba siku akilitamka jambo lile kitu kitapasuka ndani yake. Hakikupasuka. Aliona tu kwamba chai ilikuwa moto mno kwenye vidole, akaiweka chini. Kisha akavuta kiti mbele hadi mkono wa dada yake ukalifikia goti lake, akauacha ulale hapo.

"Kunywa dawa zako," akasema. "Nesi anakuja."

Walirudi nyumbani Mwalimu akitembea kwa miguu yake, kwenye viatu vya kawaida. Kwenye uwanja wa ndege watu wote walimkimbilia yeye, na ilikuwa haki. Kaka Mkubwa alitoa hotuba ya kushukuru, akashukuru madaktari, akashukuru wachangiaji, akajishukuru na yeye mwenyewe kwa namna isiyo wazi sana. Bintiye Bi Wanga alimchukulia mama yake sanduku, akamshika kiwiko hadi kwenye gari.

Baada ya majuma machache Kaka Mkubwa aliita kikao. Akasimama. "Tumelifikiria hili jambo kwa kina," alisema. "Tumeamua Bi Wanga ahamie kwa Mwalimu, amwangalie dawa na chakula. Kibanda atabaki nacho binti."

Shangazi alishavuta pumzi ya kigelegele.

"Mmemwuliza?" alisema Mwalimu kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti iliyowahi kunyamazisha madarasa.

"Kumwuliza nini tena? Si dada yake?"

"Mwulizeni."

Kaka Mkubwa akawa kama aliyetiwa mchanga mdomoni. Akatazama huku, akatazama kule. "Haya, Bi Wanga," akasema. "Wewe unaonaje?"

Bi Wanga hakuwa na haraka. Alitafuta jibu ndani yake, mahali pale pale pakavu, na safari hii aligusa kitu. Kilikuwa kidogo tu, lakini chake.

"Hapana," akasema. "Kila Jumapili nitakwenda kumfulia na kupiga naye soga. Kuhama sihami. Na akinihitaji ataniita mwenyewe, ana simu."

"Amejibu," alisema Mwalimu. "Tuendelee na mengine." Na kwa kuwa mengine hayakuwepo, chai ikaletwa mapema.

Asidanganyike mtu kwamba tangu siku hiyo Bi Wanga akachangamka. Hakuchangamka sana. Alirudi kwenye pasi, kwanza kwa saa chache, kisha kwa nusu siku, bintiye akibeba ndoo zote na kumgombeza akigusa hata moja. Wateja walimwuliza ameona nini huko ng'ambo, akawaambia kuhusu ua linalonuka mzoga na kokoto zinazochanua, wakamwangalia kwa huruma, wakaambiana nje kwamba dawa za usingizi bado hazijamtoka vizuri. Ubavu wake ulibaki na sehemu isiyohisi kitu, na moyo wake vilevile, kwa siku nyingi.

Lakini barabarani, kati ya kibanda chake na nyumba yake, kulikuwa na kitalu cha miche. Kilikuwepo tangu zamani, mikebe na viroba vimepangwa chini ya kivuli cha magunia, na mwenye kitalu, mwanamume mnene mwenye kofia ya majani, akisinzia kwenye kiti. Bi Wanga alikuwa amepita hapo miaka yote na hakuwahi kugeuza shingo. Jioni moja, jua bado liko juu, alisimama. Akaingia kati ya mistari ya viroba, akatembea taratibu, mkono mgongoni. Akasimama mbele ya mche mdogo wenye majani yaliyokuwa kijani juu na zambarau chini.

"Huu unaitwaje?" aliuliza.

Mwenye kitalu akafungua jicho moja, akamtajia.

"Na huu?"

Akamtajia.

"Na ule wenye manyoya?"

Yule mtu akainuka, akajikuna, akaja. "Mama, unatafuta wa maua, wa matunda au wa kivuli?"

"Sijui bado."

"Sasa nitakuuzia nini?"

"Leo hutaniuzia kitu," alisema Bi Wanga, akainama polepole kuangalia upande wa chini wa jani. "Niambie tu, huu wenye manyoya, maji unapenda mengi au kidogo?"